Nyembamba Kuliko Jalada

Jumatatu, 3 Februari

Laptopu zimefika. Kumi na mbili, kila moja ndani ya boksi jeupe utadhani mkufu wa bibi harusi. Bosi kaitoa moja, kaishika kwa vidole viwili, kainyanyua juu. "Haifiki hata kilo, jamani! Kuku anaizidi!" Dereva akauliza chinichini, kuku wa kienyeji au wa kisasa? Nikacheka. Peke yangu. Nikatazamwa.

Kisha habari yenyewe, imefichwa ndani ya pongezi kama kidonge ndani ya ndizi. Mwisho wa Machi masijala ya karatasi inafungwa. Majalada yote ya viwanja yaingie kwenye kompyuta. Daftari la mwendo — ninamoandika nani kachukua jalada gani, lini, na amelirudisha lini — basi tena. Na "watumishi wasio na cheti cha kompyuta watapangiwa majukumu mengine." Hakunitazama aliposema hivyo. Hakukuwa na haja, wengine wote walinitazama.

Watumishi! Yaani nimepewa wingi. Niko peke yangu.

Miaka kumi na tisa niko masijala. Cheti changu ni cha darasa la saba. Kuchapa nilijifundisha kwenye taipureta iliyokuwa haina herufi K, na jaribu kuandika kiwanja bila K uone. Sheria za ardhi nimezisoma humo humo majaladani, kesi moja baada ya nyingine, kama wengine wanavyosoma hadithi. Majalada elfu nne na ushee. Nionyeshwe chuo chenye maktaba kama hiyo.

Nimesaini namba 12. "Aliyesaini ndiye mwenyewe," kasema Bosi. Sawa. Ni yangu.

Na hili daftari pia ni langu. Halihitaji chaji.

Jumanne, 4 Februari

Nimeileta nyumbani kumwonyesha mume wangu. Yeye ni seremala, kitu hakijui mpaka akipapase. Kapitisha dole gumba ukingoni, kafumba jicho moja, kaitazama kwa urefu kama ubao. "Mbao nyembamba hivi hupinda."

"Si mbao."

"Ndiyo maana nasema. Mbao ingekuwa na adabu kidogo."

Nimeiweka mapajani nijaribu. Moto! Baada ya nusu saa nimeinuka kama niliyekalia jiko. Vitufe navyo havizami. Ni kama kuchapa juu ya meza ya chakula. Vidole vyangu vilifundishwa na taipureta, vinagonga. Kompyuta inatetemeka yote.

Mume wangu katoka, kasikika akipiga randa, karudi na ubao mdogo laini wenye miguu minne. "Mpe mgeni kiti chake."

Sasa hainiunguzi. Kaboresha teknolojia kwa kipande cha mninga.

Jumatatu, 10 Februari

Wiki moja ya sisi wenye mali. Mpima viwanja analia kwamba ina matundu mawili tu, moja la chaja, jingine la kila kitu kingine duniani. Kapewa kidubwasha cha kuunganishia vifaa vyake. Kidubwasha na nyaya zake ni vizito kuliko laptopu. Dereva aliiweka kando ya kiti cha gari, kafunga breki, ikateleza kwenye upenyo wa kiti ambao hata sarafu haikuwahi kuingia. Saa nzima ameichokoa kwa rula. Katibu Muhtasi anaifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Bosi anajipepea nayo. Kweli! Feni ya ofisini kwake ipo ukutani, lakini ina kelele za mashine ya kusaga, mwenyewe alishaapa bora atoke jasho kuliko kuiwasha. Basi anajipepea na kompyuta ya serikali.

Mimi? Nimeingiza majalada mia mbili na kumi. Wenzangu watatu wenye vyeti, waliopewa kazi hii hii, kwa pamoja, sitini na nane. Nimebandika hesabu hiyo mlangoni mwa masijala, bila maoni.

Katibu Muhtasi kapita, kasoma, kaniambia, "Hee, jumba la makumbusho limejifunza kuchapa!"

Nikamwambia makumbusho hayana haraka, ndiyo maana hayafilisiki.

Jumatano, 12 Februari

Fundi wa kompyuta amekuja. Mwanamke mnene, mcheshi, bisibisi sikioni kama kalamu. Nimempenda. Kanionyesha jinsi ya kutega kengele: saa kumi kamili, kila siku ya kazi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Hiyo ndiyo saa ninayozunguka vyumbani kukusanya majalada yaliyotoka. Nimechagua sauti ya nyenje. Zilizobaki zote zilikuwa muziki wa lifti.

Jana nilikuwa nimejaribu mwenyewe, ikalia ndani ya mkoba kwenye foleni ya mkate. Imefungwa, kifuniko chini, bado inalia! Watu wakanipisha. Nimemwuliza Fundi, hii ina pepo?

"Hizi hazilali, Shangazi. Zinasinzia. Ukifunga kifuniko imefumba macho tu."

"Na inasinzia mpaka lini?"

"Chaji ikiwa imejaa, siku nne. Ikijitahidi, tano. Halafu inazima kabisa."

Kama mlinzi wetu wa getini, nikasema. Kacheka mpaka bisibisi ikadondoka.

Ijumaa, 14 Februari

Kioo cha Katibu Muhtasi kimepasuka. Nimeona kwa macho yangu, nilikuwa mlangoni na majalada matatu mkononi. Laptopu yake imefungwa, iko juu ya meza. Bosi kaja na barua ya kupiga muhuri, kaiweka juu ya laptopu — tambarare, inavutia — kanyanyua mkono, ta!

Muhuri umetoka safi kabisa.

Sisi wa ofisi hii tumepiga mihuri juu ya majalada tangu enzi na enzi. Jalada linapokea ngumi, linanyamaza. Hiki kimesema kra.

Jioni imetoka memo: uzembe wa mtumiaji. Mtumiaji ni nani? Katibu Muhtasi. Na karatasi ya pili, ya kusaini: "Nakiri uzembe." Kasaini!

Nimemfuata. "Lakini ni yeye aliyepiga."

"Mwenzangu, we acha. Unasaini, yanapita." Rangi ya mdomo kaipaka upya, lakini macho mekundu. Huyu ndiye aliyeniita makumbusho. Nilijiandaa kufurahi, furaha haikuja. Hilo nalo limeniudhi.

Jumatano, 19 Februari

Mama Cherehani amekuja tena. Kila Jumatano anakuja, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, maana anatoroka kazini. Ana kiwanja namba 207, alichonunua kwa kushona sare za shule miaka kumi na moja. Anaomba nakala ya ramani yake. Ofisi ya Bosi inamjibu: jalada linashughulikiwa.

Halishughulikiwi. Liko rafu ya tatu, nimeliona leo asubuhi, nene, ramani tatu ndani, limetulia.

Saa tano Bosi kaja mwenyewe masijala. Hajawahi. Kaegemea kaunta kama mteja. "Mama, 207 hebu nipatie. Kimyakimya."

Nikamsogezea daftari la mwendo na kalamu. "Kimyakimya kabisa, Bosi. Saini hapa tu."

Kacheka. Kaangalia daftari, kaangalia kalamu. "Ah, basi, si muhimu." Kaondoka.

Miaka kumi na tisa, na sijawahi kuona jambo lisilo muhimu likipandisha mtu ngazi mbili kulifuata.

Kesho nitaanza na 207. Nitaiingiza kwenye kompyuta yote, ukurasa kwa ukurasa. Wanataka kasi? Nitawapa kasi.

Alhamisi, 20 Februari

Imepotea.

Namba 12. Laptopu yangu. Saa sita na nusu niliinuka kwenda kujaza maji, chaji imejaa, kila kitu sawa. Nimerudi saa saba na dakika tano. Meza iko, ubao wa mume wangu niliokuja nao kazini uko, umesimama kwa miguu yake minne, na juu yake hakuna kitu.

Nimetafuta chini, nyuma, ndani ya pipa la taka. Nimeshusha rafu mbili nzima. Katibu Muhtasi kampigia Bosi, ambaye alikuwa ameshaondoka kwa kazi za nje, atarudi Jumatatu. Bosi kaongea kwenye simu kwa sauti, kila mtu asikie. Mabegi yote yapekuliwe getini. Na Jumatatu kikao. Na ufunguo wa masijala niukabidhi siku hiyo hiyo. Hakuuliza nimeitafuta wapi. Ukimsikia, utasema ameokota kitu, si kapoteza.

Saa kumi kamili nikasimama katikati ya masijala, nikazuia pumzi. Kimya. Hakuna nyenje. Kwa hiyo haimo humu.

Getini mlinzi kapekua mkoba wangu. Miaka yote hii ananisalimia shikamoo, leo kanitolea kitambaa cha kichwa mkobani mbele ya watu. Kaona aibu yeye kuliko mimi. Nikamwambia pekua vizuri, mwanangu, huenda nimeiba na geti.

Nyumbani sikuweza kula. Mume wangu hakunipa pole, kaniuliza upana wake. Nikamwonyesha kwa vidole. Kafikiri, anatafuna kijiti.

"Kitu chembamba hivyo hakipotei," kasema. "Kinabanwa."

Ijumaa, 21 Februari

Nimeamka na lile neno. Kinabanwa. Kazini sikutafuta tena. Nimekaa kwenye kiti changu, nikafanya kama jana, kila kitu, polepole. Nachapa. Nahisi kiu. Nafunga kifuniko. Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe — ukaenda wenyewe! — ukafungua jalada hewani, ukaweka, ukafunga utepe.

Ee Mungu wangu. Nimeitia jaladani.

Niseme ukweli humu, ambamo hakuna wa kunicheka: miaka kumi na tisa nimewafokea watu kwamba kinachohusu jalada kikae ndani ya jalada. Risiti, picha, mpaka kipande cha kigingi cha mpaka nimewahi kukifungia. Na hiki kitu kinaingia kama barua. Jalada la Mama Cherehani na unene wake, hata huhisi tofauti.

Kosa langu. Limeandikwa. Sasa liko wapi jalada?

Mezani jana yalikuwa matano. Manne yapo. 207 halipo. Nikafungua daftari la mwendo: hakuna saini. Hakuna aliyelichukua! Limetembea lenyewe.

Nikamkuta Dereva anaosha gari. Nikamsifia usafi wa matairi, kisha nikauliza juujuu tu, jana Bosi aliondoka vipi?

"Mbio, Shangazi. Nilimsubiri na injini inaunguruma. Alishuka ngazi kutoka huko kwenu, akaingia kwake, nikasikia kabati la chuma, funguo, huyo, tukaondoka."

"Ana mzigo?"

"Mikono mitupu."

Katoka kwetu, kapitia kabatini, kaondoka mikono mitupu. Asante, mwanangu, endelea kusugua.

Saa kumi kasoro dakika tano nimeenda chumba cha Katibu Muhtasi, kile cha kupitia kabla ya mlango wa Bosi. Nikajidai naomba gundi. Mlango wa ndani uko wazi, kabati linaonekana. Tunaongea habari za gundi. Saa ya ukutani ikafika.

Nyenje!

Ndogo, ya mbali, kama iliyomezwa na debe. Mara sita, ikanyamaza.

"Umesikia?" Katibu Muhtasi kanyanyua miguu kwenye kiti. "Kabati la Bosi lina panya!"

"Panya analia hivyo?"

"Wa siku hizi, nani anajua."

Nikachukua gundi nikaondoka. Mdomo nimeufunga. Ufunguo wa kabati anao Bosi peke yake. Nikisema leo, Jumatatu anafika wa kwanza, anafungua, anatoa, na mimi nabaki mwendawazimu aliyesikia wadudu. Hapana. Lazima lifunguliwe mbele ya watu. Lazima lilie mbele ya watu.

Na yeye hajui! Hilo ndilo tamu. Kaamuru nipekuliwe kwa kitu alichokifungia mwenyewe.

Jumamosi, 22 Februari

Nimemweleza mume wangu yote. Kacheka mpaka kaacha kupiga msumari. Kisha kauliza swali la seremala: "Itashika mpaka Jumatatu?"

Nimehesabu. Ilijaa Alhamisi saa sita mchana. Siku nne zinaisha Jumatatu saa sita. Mimi naihitaji saa kumi. Saa nne za ziada. Fundi alisema ikijitahidi.

Na kikao ni saa tatu asubuhi. Hata ikijitahidi, nitakuwa nimeshafukuzwa.

"Wacheleweshe," kasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa karatasi. Si ndiyo kazi yako?"

Huyu mtu nilimwoa vizuri. Sawa, yeye ndiye aliyenioa, lakini wazo lilikuwa langu.

Jumapili, 23 Februari

Katibu Muhtasi kapiga simu. Kwa upole, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Karatasi ya kukiri tayari ameichapa, kaagizwa. Nikisaini, Bosi atanipeleka stoo ya nyuma tu, sitaachishwa. "Saini mwenzangu, yapite. Mimi si nilisaini?"

"Na yalipita?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha kasema mboga inaungua jikoni, kakata.

Jumatatu, 24 Februari

Saa tatu na nusu asubuhi. Benchi la wageni.

Raundi ya kwanza ni yangu! Wamekaa: Bosi, Fundi wa kompyuta kama mtaalamu, Dereva kama mwakilishi wa watumishi, Katibu Muhtasi anaandika muhtasari. Bosi kaanza, "Kama ulivyosoma kwenye barua ya tuhuma —"

"Barua gani, Bosi?"

"Tuliyokutumia Ijumaa. Kwa barua pepe."

"Kwenye kompyuta ipi?"

Fundi kainama kufunga kamba ya kiatu. Anavaa ndala.

Nikamwomba Dereva asome kanuni ya kumi na nne. Nimekuja nayo, naijua rafu yake gizani. Mtuhumiwa apewe tuhuma kwa maandishi, mkononi, na saa sita za kuzisoma. Dereva kaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Bosi kaiomba, kaisoma mwenyewe. Haikubadilika. Ikabidi ichapwe, isainiwe, ipewe namba, na — hapa nilijizuia nisitabasamu — iandikwe kwenye daftari la mwendo. Nimepokea saa tatu na dakika ishirini. Kwa hiyo kikao ni saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nimeandika mwenyewe.

Sasa niko benchi la wageni, mkabala na mlango wa Bosi. Siondoki. Katoka mara moja, kaniona.

"Mama, huna kazi?"

"Nasoma barua yangu, Bosi. Nimepewa saa sita."

"Ni ukurasa mmoja!"

"Nasoma polepole. Sina cheti."

Saa saba. Katoka kwenda kula. Mlango uko wazi, kabati limefungwa, hajaligusa. Mimi nimekula nusu ya mkate, nusu nimempa Dereva. Kaniuliza mbona nalitazama kabati kama nalidai mimba. Nikamwambia atajua jioni, au hatajua kabisa.

Saa nane. Siku nne zimeshapita na saa mbili juu. Jitahidi, namba 12. Nimekusema vibaya, mapaja yangu umeyachoma, lakini jitahidi.

Saa kumi kasoro tisa. Ofisini kwa Bosi.

Wamenipa dakika kumi niandike maelezo yangu. Kalamu yao, karatasi yao. Kalamu nimeichukua. Karatasi nimeiacha, naandika humu. Wanadhani hili ni daftari la maelezo. Na ndilo.

Bosi kwanza alisema maneno mengi kuhusu uaminifu na kasi. Kasema watu wa zama zangu hawajui thamani ya kifaa. Kasema inawezekana sikuiba, lakini uzembe nao ni wizi wa aina yake. Niliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza mahubiri. Kisha akanisukumia ile karatasi. "Nakiri uzembe." Nikauliza, naweza kujibu maswali ya mtaalamu kwanza?

Fundi akauliza, kulikuwa na nini ndani? Nikasema viwanja mia sita na arobaini, na nusu ya kingine. Na kengele.

"Ile ya saa kumi?"

"Ile ile. Kila siku ya kazi."

"Hata ikiwa imefungwa," akasema Fundi polepole, si kama swali.

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Imefumba macho tu. Sauti ya nyenje."

Kalamu ya Katibu Muhtasi ilisimama. Nilikuwa nalisubiri hilo, na bado lilinishtua. Akageuza uso, akalitazama kabati. Si sana. Kiasi cha mtu kumkumbuka panya.

Bosi akaona alikotazama. Naye akatazama huko. Kisha saa ya ukutani. Mkono ukaingia mfukoni, funguo zikalia kidogo, zikanyamaza. Nimemwona anavyofikiri: Alhamisi, jalada, utepe, unene. Rangi ilimtoka kuanzia masikioni.

"Andika, mama," kaniambia. "Dakika kumi zako hizo."

Mtu mwenye kabati safi angeshalifungua.

Kasoro tano. Dereva ananitazama, anatazama kabati, anarudi kwangu. Mwanangu naye ameelewa.

Kasoro nne. Karatasi ya kukiri iko hapa mbele yangu, mstari wa saini mtupu. Utabaki mtupu. Ilie, isilie. Kama chaji imekwisha, nitakwenda stoo, nitakwenda nyumbani, nitafagia vumbi la mbao la mume wangu, lakini jina langu haliandikwi hapo. Nimeandika majina ya watu kwa miaka kumi na tisa, kila mmoja alipochukua kitu alisaini. Mimi nasaini nilichochukua tu.

Na Jumatano Mama Cherehani atakuja na futi yake shingoni. Nitamwambia jalada lake liko wapi. Hata kama nitamwambia nikiwa nje ya geti.

Kasoro mbili. Bosi kasimama. Anasema kuna joto. Kaenda ukutani, kawasha feni.

Ile feni! Meza inatetemeka. Karatasi ya kukiri imeruka, imedondoka chini, hakuna anayeiokota. Fundi kashika za kwake kwa viganja viwili, macho kwangu. Dereva kasema kitu, hakuna aliyesikia. Bosi kasimama mgongo kwenye kabati, mikono nyuma, anatabasamu kama anayepigwa picha.

Kasoro moja. Katibu Muhtasi ameweka kalamu chini. Ananyanyuka. Bosi anamwambia neno, naona midomo tu. Wala hamtazami Bosi. Anapita nyuma ya kiti changu, manukato yake yamenifikia, mkono wake umenigusa bega, kwa bahati au kwa makusudi, sijui. Amefika ukutani. Kidole kiko kwenye swichi ya feni na —